Kati ya Sharubati na Siki

Ponda zabibu kilo kumi, zitie kwenye ndoo safi, funika kwa kitambaa, uende zako. Kwa joto la Dodoma, siku ya pili au ya tatu ndoo itaanza kunong'ona. Povu litapanda, maganda yatajazana juu kama kifuniko, na ukiinamisha uso utahisi hewa inayochoma pua. Siku zikipita ndoo itanyamaza. Ukirudi wakati huo utakuta mvinyo. Ukichelewa sana utakuta siki, na hakuna mtu aliyekuharibia: maumbile yamefika yalikokuwa yanakwenda tangu mwanzo.

Nimeitanguliza ndoo hiyo kwa sababu ubishi ninaouleta hapa huanza na neno "asili", na mara nyingi hufia hapo hapo. Nimeusikia kwa vipande: shambani, kwenye mageti ya viwanda, ndani ya daladala, mezani kwa watu. Vipande hivyo nimevikusanya nikavipa sauti tatu. MKULIMA ni mzee wa Kigogo aliyepanda mizabibu akiwa kijana na hadi leo anapogolea kwa mkono wake. MPISHI ni kijana anayesimamia matangi kiwandani. Nimempa jina hilo kwa kuwa anachofanya ni upishi usio na moto. MWALIMU ni mama wa Tanga anayefundisha kemia sekondari. Ni Mwislamu, hanywi, lakini habari za uchachu anazijua kuliko wengi wanaokunywa. Swali nililowapa ni moja: mvinyo unapata wapi tabia yake?

MKULIMA: Mbukwenyi. Nianze mimi, maana kila kitu kinaanza shambani. Udongo wetu ni kichanga, maji hayatuami. Mvua ya mwaka mzima haifiki sana, milimita 600 ukibahatika. Jua la mchana mnalijua. Wasilolijua wageni ni usiku wa Juni na Julai: tuko juu, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na huku watu wanalala na blanketi mbili. Zabibu iliyolelewa namna hiyo haiwezi kufanana na ya Italia hata kama mche umetoka Italia. Nyekundu yetu tunaiita Makutupora, jina la mahali penye kituo cha utafiti. Jina la ardhi liko kwenye tunda. Sasa mnauliza tabia inatoka wapi?

MPISHI: Shikamoo, mzee.

MKULIMA: Marahaba, mwanangu. Sema.

MPISHI: Ardhi naiheshimu. Lakini zabibu zako zinanifikia saa nane mchana, juu ya gari lisilo na turubai, zimepata moto kama mkate uliotoka tanuri. Za chini zimeshapondeka na zimeanza kuchacha njiani. Nikiziacha hivyo hivyo kwa sababu eti ni asili, kesho kutwa tangi linanuka gundi. Kwa hiyo napoza, natia salfa kidogo kuwatuliza bakteria, kisha naweka chachu ya pakiti ambayo najua itaanza lini na itamaliza lini. Chuma cha pua, kipimajoto, usafi. Mteja wa Dar es Salaam akinunua chupa leo anataka iwe na ladha kama ile ya Krismasi. Hiyo ndiyo kazi yangu.

MKULIMA: Kwa hiyo kazi yako ni kufuta kazi yangu.

MPISHI: Kazi yangu ni kuhakikisha kazi yako haiwi siki.

Hapo ndipo wengi huishia, kila mmoja ameshika ncha yake. Nikamgeukia Mwalimu.

MWALIMU: Nyote mnayataja maumbile kana kwamba yana nia. Hayana. Kwenye ganda la zabibu kuna viumbe wadogo wengi, chachu za kila aina na bakteria wa kila aina, na kila mmoja anatafuta chakula chake. Ukiponda tunda, wa kwanza kuamka ni chachu za mwituni, zile zenye umbo kama limau. Zinakula sukari na kuacha harufu nyingi, nyingine nzuri, nyingine mbaya. Lakini ni dhaifu: kilevi kikifika asilimia nne au tano nyingi hufa. Ndipo anapochukua usukani yule wanayemwita Saccharomyces, ambaye mwanzoni alikuwa mchache mno kiasi cha kutoonekana. Yeye anastahimili kilevi, anaendelea hadi sukari iishe. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita zinatoa asilimia moja ya kilevi. Sukari ikiisha anashuka chini, analala kwenye mashapo. Na hewa ikiingia, bakteria wa siki wanashika zamu yao na kukigeuza kile kilevi kuwa asidi. Sharubati upande huu, siki upande ule. Mvinyo ni kituo cha njiani, na basi halisimami pale lenyewe. Lazima mtu alisimamishe.

Nataka kuingilia kidogo, maana lugha yetu ilishaliona jambo hili. Kitenzi chetu ni kimoja: kuchacha. Wali wa jana umechacha, tui limechacha, togwa limechacha, bahari ikichafuka nayo tunasema imechacha. Chachu ni kile kinachochachusha, uchachu ni ladha ya ndimu. Mswahili hakutenga neno la kinachopanda kuwa kinywaji na neno la kinachoharibika, kwa sababu ni mwendo ule ule. Kinachotofautiana ni mahali mtu alipokata. Huko Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi, nitakakorudi baadaye, maganda na mbegu za zabibu zilizokamuliwa huitwa kwa Kigeorgia "chacha". Ni sadfa ya sauti tu, lugha hizi mbili hazina undugu. Lakini siwezi kuandika habari hii nikaliacha hilo lipite.

MWALIMU: Kwetu pwani tunalijua hili kwa saa, hatulijui kwa miezi. Mgema anapanda alfajiri na jioni. Tembo linaanza kuchacha likiwa bado linadondoka, kwa sababu kibuyu chake hakisuguliwi kikang'aa. Kibuyu cha jana ndicho chachu ya leo. Asubuhi ni tamu, watoto wanaonjeshwa. Jioni ni kali. Keshokutwa ni siki. Mimi silinywi, lakini nimekua nikisikia majirani wakijua kwa harufu tu kwamba tembo hili ni la mgema fulani. Mnazi ule ule, upepo ule ule wa bahari, ila kibuyu ni tofauti na mkono ni tofauti. Sasa mzee, hilo ni la ardhi au ni la mgema?

MKULIMA: La vyote viwili. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wenye viwanda wamesifiwa sana kwa mvinyo mtamu.

MPISHI: Mzee, mvinyo mtamu ndio unaonunuliwa.

MKULIMA: Unanunuliwa kwa sababu ndio mliowafundisha watu kunywa.

Niliwaomba tuache utamu kwanza, turudi shambani, kwa sababu Mkulima alikuwa amesema "maumbile" kana kwamba mizabibu ya Dodoma imeota yenyewe. Haikuota yenyewe. Ilipandwa na wamisionari wa Kikatoliki, misheni ya Bihawana ikiwa ya mwanzo kutajwa, kwa ajili ya divai ya altare. Na hapa pana jambo ambalo wachache hulifikiria: sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka divai ya misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Mstari huo unabeba ubishi wetu wote. Iwe ya asili, na isiharibike. Padri aliyesimamia pipa katika joto la Ugogo alitakiwa ayatii yote mawili kwa pamoja, wala hakupewa friji.

MWALIMU: Mzee, nikuulize. Ulaya mzabibu hulala. Baridi inakuja, majani yanaanguka, mti unapumzika miezi minne au mitano, kisha joto likirudi unachipua. Hapa hakuna baridi ya namna hiyo. Nani anauambia mzabibu ulale?

MKULIMA: Mimi. Kwa mkasi.

MWALIMU: Eleza.

MKULIMA: Ukiuacha bila kuugusa, mzabibu wa hapa hautulii. Utachipua huku, utatoa maua kule, kichala kimoja kimeiva na kingine ni kijani, shamba zima linachanganyikiwa. Kwa hiyo baada ya kuvuna ninaupumzisha, sinyweshi, kisha ninapogolea: nakata matawi, naacha macho machache. Ule mkato ndio baridi yake. Unashtuka, unaanza upya. Kutoka hapo nahesabu miezi minne, mitano, navuna. Mwaka mmoja, mavuno mawili. Ya kwanza yanaangukia Februari na Machi, ya pili Agosti na Septemba. Baba yangu alikuwa mtu wa mtama na uwele, hakunifundisha hili. Nilijifunza kwa kukosea. Ukipogolea wiki mbili mapema, maua yanakutana na mvua. Ukichelewa, zabibu zinakutana na ndege.

MWALIMU: Basi unachokiita ardhi ni mkasi wako.

MKULIMA: Mkasi wangu ni sehemu ya ardhi hiyo.

Hilo jibu nimelifikiria kwa muda mrefu. Sehemu kubwa ya mashamba ya zabibu ya dunia iko kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, kaskazini au kusini mwa Ikweta. Dodoma iko kwenye nyuzi 6. Kwa vitabu vingi vya zamani, mvinyo haukustahili kuwepo hapa. Umewezekana kwa sababu watu wa Mpunguzi, Hombolo, Mvumi na kwingineko wamejifunza kuwa majira ya baridi kwa mikono yao. Tukisema mvinyo wetu hauna mapokeo kwa kuwa ni wa juzi, tunawapita watu hao bila hata kuwasalimu.

MPISHI: Hapo simpingi mzee. Tena niongeze: yale mavuno mawili hayafanani hata kidogo. Yale ya Februari na Machi yameiva ndani ya mvua. Tunda limejaa maji, sukari iko chini, na ugonjwa wa ubwiri unga umeshapita shambani. Wakulima wamepuliza salfa hadi wamechoka. Yale ya Agosti na Septemba yameiva kwenye ukavu, kwenye zile baridi za usiku. Maganda mazito, rangi nzito. Nikiyaonja ndani ya tangi nafumba macho na bado najua ni yapi.

MWALIMU: Usiku wa baridi unahifadhi uchachu. Ndani ya zabibu kuna asidi ya maliki, ile ile ya tofaa bichi. Joto likiwa kali mchana na usiku, tunda linaichoma yenyewe kwa kupumua. Usiku ukipoa, upumuaji unapungua na asidi inabaki. Mvinyo usio na asidi umelala kama supu isiyo na ndimu.

MPISHI: Ndiyo maana naongeza asidi ya tartariki kwenye mavuno mengine. Mzee akisikia hivyo ananiona mchawi. Lakini Wafaransa wa maeneo ya baridi wana tatizo la kinyume: sukari haitoshi. Mwaka 1801 Jean-Antoine Chaptal, mwanakemia aliyekuwa waziri wa Napoleon, aliwaandikia waongeze sukari kwenye maji ya zabibu kabla ya kuchacha, na hadi leo desturi hiyo inabeba jina lake. Burgundy wanaongeza sukari miaka mibaya, na hakuna anayewaambia mvinyo wao si wa asili.

Hoja hiyo ni ya kweli, na kila anayelitumia neno "asili" kama fimbo aisikie. Mapokeo ya Ulaya yamejaa mkono wa mtu. Katika karne ya 19 kimdudu cha filoksera kutoka Amerika kiliingia kwenye mizizi ya mizabibu ya Ufaransa na kuua mashamba hadi nchi nzima ikatikisika. Dawa iliyopatikana ni kupandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani. Mizabibu mingi ya Ulaya inayosifiwa kwa ukale leo imesimama juu ya mizizi ya kigeni. Madeira, kisiwa cha Ureno, kilipata mvinyo wake maarufu kwa sababu mapipa yaliyobebwa na meli za kuvuka Ikweta yalipikwa na joto la tumbo la meli, na waliouonja waliona umekuwa bora kuliko ulivyoondoka. Leo mvinyo mwingi wa huko hupashwa moto kwa makusudi, nyuzi 45 hadi 50, miezi mitatu au zaidi. Ajali ilirudiwa hadi ikawa desturi. Sisi wa nchi za joto tungepaswa kuisoma habari hiyo mara mbili.

MKULIMA: Nakubali yote. Lakini lipo moja linalonikereketa. Hiyo chachu ya pakiti. Inatoka wapi?

MPISHI: Nje. Nyingi zilichukuliwa kwenye vyumba vya mvinyo vya Ulaya, Champagne na kwingineko, zikachunguzwa, zikakuzwa, zikakaushwa.

MKULIMA: Kwa hiyo mtoto nimemzaa mimi, halafu analelewa na mama wa kambo wa Champagne.

MWALIMU: Hilo lina kemia yake, mzee. Chachu haitoi kilevi peke yake. Inatoa mamia ya vitu vidogo vidogo. Kuna kinachonukia ndizi mbivu, kuna kinachonukia waridi. Chachu tofauti, harufu tofauti. Mwaka 2015 watafiti wa New Zealand walichukua chachu kutoka mikoa sita ya nchi yao wakazichachushia maji yale yale ya zabibu ya Sauvignon Blanc. Mivinyo ilitofautiana kikemia, na tofauti hizo zilifuata mkoa chachu ilikotoka. Hazikuwa tofauti za kushangaza mtaa, lakini zilikuwepo. Kabla ya hapo, mwaka 2012, watafiti wa Italia walionyesha kwamba manyigu wanabeba chachu matumboni mwao msimu wa baridi na kuzirithisha watoto wao, hadi zabibu zinapoiva tena. Kumbe shamba lina ukoo wa viumbe wake, na manyigu ni sehemu ya ukoo.

MPISHI: Dada, mimi siwezi kumkabidhi nyigu tangi la lita elfu kumi.

MWALIMU: Sikusema umkabidhi. Nasema umjue.

Sasa twende Georgia. Mwaka 2017 wanaakiolojia walichapisha matokeo ya kuchunguza vipande vya vyungu kutoka vilima viwili kusini mwa Tbilisi, mji mkuu. Walikuta mabaki ya asidi ya zabibu ya tangu miaka 6000 hivi kabla ya Kristo. Ni ushahidi wa kale sana wa mvinyo wa zabibu. Na huko mapokeo hayako makumbusho. Wana mtungi mkubwa wa udongo uitwao qvevri, mwingine unatosha mtu kuingia ndani, umbo la yai lenye ncha chini. Unafukiwa ardhini hadi shingoni. Ndani umepakwa nta ya nyuki. Zabibu zinapondwa, maji yanamiminwa humo pamoja na maganda, mbegu, na katika mkoa wa Kakheti hata vikonyo. Hakuna chachu ya pakiti. Wakati wa kuchacha mtu anasukuma maganda chini kwa mti mara kadhaa kwa siku. Kuchacha kukiisha mtungi unafunikwa, unazibwa, unaachwa. Miezi mitano au sita. Zabibu nyeupe zikitoka humo zinatoa mvinyo wa rangi ya kaharabu, unaokaza ulimi kama chai ya rangi iliyokolea.

MPISHI: Na mitungi mingapi inageuka siki?

Swali zuri. Ndilo lililonifanya niisome qvevri tena kwa jicho jingine. Mtungi ule ni chombo cha kiufundi sawa na tangi la chuma cha pua. Ardhi inayouzunguka ndiyo friji yake, joto halipandi wala kushuka kwa kasi. Ncha ya chini ina kazi: mbegu zinazama kwanza, zinakusanyika pale, mashapo ya chachu yanazifunika, na uchungu wake haupandi. Maganda hufuata juu ya mashapo. Mvinyo unabaki juu, umejichuja wenyewe. Halafu usafi: kabla ya msimu mtu anauosha mtungi mara nyingi, kwa maji, kwa majivu au chokaa, kwa brashi za magome, mpaka maji yatoke yanavyoingia. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza ufundi huu katika urithi wa binadamu, na ilichokiorodhesha ni ujuzi wa watu: kufinyanga, kufukia, kuosha. Ukiondoa huo ujuzi, mtungi ni kaburi la zabibu.

MWALIMU: Wageorgia nao wanalisimamisha basi. Wanalisimamisha kwa udongo na nta.

MPISHI: Lakini wana miaka 8,000. Sisi tuna umri wa mzee mmoja.

Ni kweli, ila miaka 8,000 haikuwalinda. Wakati wa Kisovieti mvinyo wa Georgia ulifanywa wa viwanda vikubwa, wingi kwanza, mtamu kiasi, kwa ajili ya soko la Urusi. Qvevri ilibaki kwa wakulima, nyuma ya nyumba, kwa matumizi ya familia. Mwaka 2006 Urusi ikafunga mlango, ikapiga marufuku mvinyo wa Georgia, na nchi ikapoteza mnunuzi wake mkubwa ndani ya wiki chache. Ndipo walipolazimika kuuliza: tuna nini ambacho hakuna mwingine anacho? Jibu lilikuwa limefukiwa uani. Lilihifadhiwa na watu ambao hawakulipwa kulihifadhi.

MKULIMA: Hapo umefika ninapopataka. Hawakulipwa. Mimi nikiacha zabibu zangu wiki mbili zaidi zikolee sukari, nafukuza ndege, naogopa wezi, zinapungua uzito kwa sababu maji yanakauka. Jirani amevuna mapema, zimejaa maji. Tunafika mzani mmoja, bei moja. Kilo ni kilo. Sasa mwakani nifanye nini?

MPISHI: Tunapima sukari, mzee.

MKULIMA: Mnapima ili mkatae. Hampimi ili mlipe zaidi.

Mpishi hakujibu hilo, nami sikumlazimisha, kwa kuwa bei haipangwi na yeye. Lakini kwangu mjadala uligeukia hapo. Tulikuwa tunauliza kama tabia ya mvinyo inatoka kwenye ardhi, kwenye chachu au kwenye mkono, na huku tabia hiyo inapotelea kwenye mzani. Zabibu za kata tatu zinamwagwa tangi moja. Za mvua na za kiangazi zinakutana kama mchuzi, ndivyo Dodoma wanavyouita mvinyo wa jumla kabla ya chupa: mchuzi wa zabibu. Neno ni zuri na lina harufu ya jikoni. Lakini mchuzi uliochanganywa misimu miwili hauwezi tena kumwambia mnywaji kitu chochote kuhusu baridi za Julai za Mpunguzi. Chupa nyingi za Dodoma nilizowahi kuzishika zinataja mkoa na aina ya zabibu. Sijakutana na iliyoniambia ni mavuno ya mkasi upi.

Watawa wa Cistercian huko Burgundy hawakuwa na maabara. Walichofanya katika Zama za Kati ni kutenganisha. Zabibu za kipande hiki pipa hili, za kipande kile pipa lile, mwaka baada ya mwaka, hadi wakajua mteremko gani unatoa nini, na kwenye shamba la Clos de Vougeot wakajenga ukuta kulizunguka. UNESCO ilipovitambua vipande hivyo vya Burgundy mwaka 2015, ilikuwa inatambua karne nyingi za kukataa kuchanganya. Mapokeo mengine ya huko yalikuja baada ya hapo. Huwezi kuanza kujua tabia ya kitu ambacho hukukitenga.

MWALIMU: Na hilo haliombi nyigu wala mtungi. Linaomba matangi madogo na kalamu.

MPISHI: Matangi madogo ni gharama.

MWALIMU: Moja.

MPISHI: Moja linawezekana. Mavuno ya Agosti na Septemba ya kata moja, yavunwe alfajiri, yafike kabla ya saa tatu. Nitagawa tangi hilo sehemu mbili: nusu kwa chachu ya pakiti, nusu niiache ianze yenyewe nikiilinda kwa ubaridi. Ikianza kunuka gundi nitaingilia, mzee, usinilaumu.

MKULIMA: Ingilia. Hata mimi naingilia kwa mkasi.

MWALIMU: Na siki itakayopatikana mniletee mimi.

Hapo ndipo nilipowaacha. Uamuzi wangu nauweka wazi. Mpishi ana haki juu ya hatari, Mkulima ana haki juu ya ardhi, na Mwalimu amewashinda wote wawili kwa kuonyesha kwamba maumbile yanaelekea kwenye siki na mvinyo ni kazi ya kujua pa kusimama. Lakini Dodoma haijashindwa na maumbile wala haijakosa mapokeo. Mapokeo yake ni mkasi unaokata mara mbili kwa mwaka, na hayo ndiyo tunayoyamwaga pamoja kila tunapochanganya misimu na kulipa kilo zote bei moja.

Simulizi moja ya kale ya mabaharia, Periplus, iliyoandikwa kwa Kigiriki karne ya kwanza, inasema wafanyabiashara waliofika pwani yetu walileta mvinyo kidogo na ngano, na kwamba hawakuvileta kwa ajili ya kuuza. Walivitoa bure ili wapendwe na wenyeji. Mvinyo uliwahi kufika kwetu kama zawadi ya mgeni. Sasa tuna wetu. Ndugu msomaji, ukinunua chupa ya Dodoma, geuza nyuma usome lebo. Tafuta jina la kata na mwezi wa mavuno. Usipoviona, muulize muuzaji. Na muuzaji asipojua, mwambie amuulize aliyemletea.